Geuza Kwanza: Broderi ya Bamama wa Shituru

Kila mara tunapokutana kupanga mambo ya mila, orodha yetu inakuwa ile ile: ngoma, vinyago, hadithi za wafalme, nguo za rafia. Muntu akisema "broderi", wengine wanacheka. "Ile ni vitu ya Babeleji," wanajibu, "ni ya masera, ni ya foaye." Mimi nataka kuandika juu ya ile broderi, na zaidi juu ya sehemu yake moja: msitari wa maua unaozunguka kitambaa pembeni, ulioshonwa kwa mkono na nyuzi za rangi. Siandiki ili kuitetea tu. Nataka tuihukumu kama kazi, maana mpaka leo wako waliyoisifu na wako waliyoicheka, lakini walioiangalia ni wachache.

Kwa vijana ambao hawakuona kitu chenyewe, tueleze. Nyumba ya mufanyakazi wa Union Minière, na kisha ya Gécamines, ilikuwa na salo. Mu salo kulikuwa viti na meza ndogo katikati. Ku mugongo wa kila kiti kulilala kitambaa cheupe, ku mikono yake vitambaa viwili vidogo, juu ya meza kimoja kikubwa, juu ya redio kingine, na radio yenyewe ilipokufa kitambaa kilibaki palepale juu yake. Mu chumba kulikuwa shuka ya wageni, ile isiyolaliwa na muntu, yenye maua pale inapokunjwa karibu na kichwa, pamoja na mito yake. Wasichana wengi wa kambi waliingia ndoa na shuka za namna hiyo mu sanduku. Katikati ya kitambaa palikuwa peupe, labda na shada moja. Kazi yote ilikuwa ku pindo.

Asili yake haifichiki. Kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba kwa nguvu ya umeme mwaka 1929. Ni miaka ile ile Union Minière ilikuwa ikiacha desturi ya kuajiri wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha vijijini. Ikaanza kuwaweka kambini pamoja na wake zao, kwa mikataba ya miaka mitatu. Kwa hiyo mwanamuke naye akaingia mu hesabu ya kampuni: posho yake, nyumba yake, mahali pa kuzalia, na mafundisho yake. Zikafunguliwa nyumba za kushonea walizoziita kwa Kifaransa "ouvroir", na baadaye foaye sosiali, ambamo watawa na wanawake wa Kizungu walifundisha kushona, kufuma sweta za watoto, kupiga pasi, kupika, kuosha mtoto. Broderi ilikuwa mulemule. Miaka ya 1940 na 1950 njo wakati wake ulikuwa mukubwa.

Namna ya kufundisha ilikuwa ya kunakili. Mwalimu alileta karatasi yenye maua yaliyokwisha kuchorwa. Mwanafunzi aliweka karatasi ya kaboni chini yake, akapita na kalamu, na maua yakabaki buluu juu ya kitambaa. Kisha kitambaa kilikazwa mu duara mbili za mbao. Uzi uliotafutwa ulikuwa ule wa pamba wa DMC, kampuni ya Mulhouse huko Ufaransa, yenye kuanzishwa mwaka 1746. Uzi mumoja una nyuzi sita ndani yake, na muntu anazigawa: mbili kwa shina, tatu kwa jani, sita akitaka ua linenepe. Na maua yenyewe yalikuwa ya bustani za Ulaya: waridi, margareti, pansee. Hakuna aliyeuliza kama kuna mwenye kuyaona ku Shituru.

Basi wale wanaocheka wana hoja, na hoja yao ni nzito. Ile sindano haikuja bure. Nancy Rose Hunt, aliyeandika mwaka 1990 juu ya foaye ya Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ameonyesha kwamba mafundisho yale hayakuishia darasani. Walimu waliwafuata wanawake mpaka nyumbani mwao, kuona kama wanaishi sawa walivyofundishwa. Kitambaa cheupe chenye maua kilikuwa ushahidi. Kilisema: hapa mwanamuke anakaa nyumbani, bwana wake atalala vizuri, kesho atafika kazini. Mwenye kuandika juu ya broderi ya kambi na kuficha jambo hili anawadanganya wasomaji wake.

Lakini tuendelee na hoja hiyo mpaka mwisho, tuone inafika wapi. Gitaa nayo ilitoka wapi? Mwaka 1952, hapa hapa, wakati mji unaitwa Jadotville, Hugh Tracey alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco akiipiga, na akarekodi "Masanga". Nyuzi zilitoka dukani, mbao zilitoka Ulaya, na hakuna hata mumoja mu chama chetu anayesimama kusema ya kwamba "Masanga" si ya Katanga. Kitenge je? Nakshi yake ilitoka Java, Waholanzi wakaiga kwa mashine, kiwanda cha Vlisco kule Helmond kipo tangu 1846. Na wakati wa oténtisité ya Mobutu, kitenge hicho hicho njo kilikuwa vazi la mama wa kweli wa Zaïre! Tunasamehe gitaa, tunasamehe kitenge, broderi tunaikatalia. Mimi nafikiri sababu iko moja: gitaa ilipigwa barabarani na wanaume, broderi ilishonwa ndani na wanawake, wakiwa wamekaa.

Kuna jambo lingine ambalo linafaa kujulikana kwetu. Wakati wa vita ya 1914 mpaka 1918, Ubeleji ikiwa mikononi mwa Wajerumani, Wamarekani walipeleka unga kule mu mifuko ya pamba. Wanawake na wasichana wa Ubeleji walichukua mifuko hiyo mitupu, wakaitia broderi, maua na bendera na maneno ya shukrani, mara nyingi pembeni mwa chapa ya kinu cha Marekani, na mingi ikarudishwa Marekani kama zawadi au kuuzwa. Leo imetunzwa mu majumba ya makumbusho, kule Brussels na kule Iowa, mu maktaba ya Rais Hoover. Kitambaa ni cha wengine, uzi ni wa dukani, mafundisho ni ya masera wale wale. Hakuna anayeiita kazi ya kuiga. Inaitwa kumbukumbu ya taifa. Miaka makumi mawili baadaye somo lile lile likafika Panda na Shituru, na kwetu likabaki kuitwa "vitu ya foaye".

Sasa tuangalie. Mama mumoja wa Shituru, aliyeshona tangu usichana wake, alinifundisha kwa sentensi moja: "Ugeuze kwanza. Kama ku nyuma kuko mubaya, ata ku mbele kuko bule." Nyuma ya kitambaa njo inasema kama fundi alikuwa na haraka. Mwenye haraka anafunga mafundo, na mafundo yanasukuma kitambaa juu kila kinapopigwa pasi. Mwenye haraka anaruka na uzi toka ua moja mpaka lingine bila kuukata. Uzi mwekundu ukipita chini ya kitambaa cheupe, unaonekana sawa mushipa chini ya ngozi, na ukifuliwa mara kumi unaacha alama. Mwenye kujua anaficha mwanzo wa uzi chini ya mishono yake mwenyewe, anakata, anaanza tena. Ni kazi ndefu, na hakuna mgeni atakayeiona. Akivuta uzi sana, kitambaa kinakunjamana; akilegeza, jani linainuka na kushikwa na kucha ya mtoto.

Baada ya nyuma, kona. "Kona njo inaonyeshaka muntu," alisema tena, na hapa nataka tukae kidogo. Msitari wa maua unarudia: ua, jani, chipukizi, ua. Urefu wa kitambaa haukubali sikuzote kugawanyika sawasawa kwa urefu wa mrudio ule. Muntu asiyejua anaanzia mahali popote, anashona mbio, na akifika ku kona anakuta amebakiwa na nafasi ya nusu ua. Afanye nini? Wengine wanalibana lile ua la mwisho mpaka linafanana na kabichi. Wengine wanaacha pengo. Wengine, na hii niliiona mara nyingi, wanatia upinde wa utepe ku kona zote nne ili kufunika aibu. Fundi anafanya kinyume: anaanzia ku kona zote nne, kila kona na ua lake kamili linalotazama inje, kisha anashona kuelekea katikati ya kila upande. Pale misitari miwili inapokutana kutabaki pengo ndogo, na ndani yake anatia chipukizi moja, ambalo macho yanalipokea kama limepangwa tangu mwanzo. Karatasi ya kunakili haikuonyesha hivyo, maana ilikuwa na kipande tu cha pindo. Kona, kila muntu alijitafutia yake. Kwa hiyo anayesema bamama walinakili tu hajafika ku kona.

Niliwekewa mbele yangu vitambaa viwili, nikaviangalia asubuhi nzima. Cha kwanza ni nguo ya meza ya amerikani, ya miaka ya 1950, kazi ya mwanafunzi wa foaye. Waridi zake zina rangi mbili za nyekundu, majani yana kijani kimoja, mashina yamenyooka. Nyuma ni safi kuliko mbele za wengine. Kona ni kamili zote nne. Ni kazi ya kusifiwa, nami naisifu, lakini baada ya dakika tano nilikuwa nimeimaliza. Waridi la kwanza limekwisha kusema yote, na mengine arobaini yanarudia. Shada lililo katikati ya nguo ni kosa kabisa: sahani ikiwekwa, linafunikwa, sahani ikiondolewa, linapigana na pindo.

Cha pili ni kifuniko cha kiti, kimoja kati ya vinne, cha miaka ya 1980. Kona yake moja imebanwa, na nyuma kuna mafundo mawili nitakayomsamehe. Lakini rangi! Karatasi ilisema margareti nyeupe na moyo wa manjano. Dukani hakukuwa uzi mweupe, kulikuwa machungwa, urujuani na manjano ya haradali. Mama akashona alicho nacho. Kila ua limetiwa rangi tatu, toka nzito mpaka nyepesi, na mishono ya rangi moja inaingia kati ya mishono ya rangi nyingine ili mpaka usionekane. Kisha akafanya jambo ambalo hakufundishwa: ua la kwanza rangi nzito iko ndani, ua la pili nzito iko inje, la tatu ndani tena, na hivyo mpaka mwisho. Ukisimama mbali, msitari unatembea. Majani ni ya buluu, na hayaniudhi. Nilipomuuliza kwa nini, hakunipa falsafa. "Rangi banapangaka na macho, hapana na kitabu. Masera balitufunda kushika shindano. Rangi ni ya kwetu benyewe."

Kati ya vile viwili nachagua cha pili, pamoja na kona yake mbaya. Najua wako watakaosema buluu na kijani za nyuzi zetu ni rangi za malakiti na maji ya matangi ya Shituru. Ni maneno mazuri kwa hotuba. Mimi siamini. Jani ni la kijani maana majani ni ya kijani, na likiwa buluu ni kwa sababu kijani kiliisha.

Ubaya wetu ni kwamba tulikwisha kuwa na watu wa kuangalia, wakaangalia ukuta tu. Mu salo zile zile, miaka ya 1970, juu ya vile viti kulikuwa picha za kuchora: mamba-muntu, Colonie Belge yenye fimbo na kifungo, kijiji cha mababu. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian waliandika juu ya picha hizo mwaka 1976. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi, akamuelezea Fabian kwa Kiswahili chetu hiki hiki, na picha zake karibu mia zikafika makumbusho ya Amsterdam. Ni haki yake, na zaidi. Neno la wachoraji lilikuwa "ukumbusho": picha inakumbusha. Lakini ule aliyenunua picha alikaa ku kiti gani wakati anaiangalia? Mugongo wake uliegemea nini? Vitabu vya ukuta viko vingi. Cha viti sijakiona.

Mwenye kupinga atasema: picha ya Tshibumba inasema juu ya mugomo wa 1941 na askari waliowapiga wafanyakazi risasi kule Elisabethville tarehe 9 Desemba, margareti inasema nini? Ni kweli, margareti haisemi juu ya mugomo. Pindo haliwezi kutoa hadithi, na anayelilazimisha kufanya hivyo analionea. Ukumbusho wake uko mahali pengine, mu namna kitambaa kinavyobebwa. Mwaka 1992 na 1993, wakati ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa na wengi wakakaa ku stesheni ya Likasi kwa majuma na miezi wakingoja treni, viti havikupata nafasi. Vitambaa vilikunjwa, vikaingia mu sanduku. Nimeambiwa na wengi ya kwamba pindo za Shituru ziko leo mu salo za Mbuji-Mayi na Mwene-Ditu, juu ya viti vingine. Chama chenye kuitwa cha mila ya huku hakiwezi kuandika broderi bila kuandika hilo, hata kama meza yetu itanyamaza kidogo likisomwa.

Kisha kukaja miaka ya Gécamines bila mishahara, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Bamama njo walilisha nyumba: mikate, makala, mafuta ya kupima. Broderi inaomba mikono safi na saa mbili za mwanga. Havikupatikana tena vyote viwili pamoja. Soko la leo lina vitambaa vya mashine toka China, maua yake hayana kosa, kona zote sawa, nyuma imefunikwa na karatasi ngumu ili usigeuze. Sina ugomvi na anayenunua, ni bei. Ugomvi wangu uko na sisi wenye kuandaa maonyesho. Mu moja nililohudhuria, vinyago vilipangwa vizuri, na karibu yake kipande cha rafia cha Wakuba, wanaume wamefuma na wanawake wametia nakshi, kazi ambayo hata Matisse alitundika za namna yake mahali alipochorea. Kila kitu kilikuwa na kadi yake. Meza yenyewe ilifunikwa na nguo ya broderi, pindo la pansee la mikono ya muntu wa hapa. Haikuwa na kadi. Mtu alimwagia soda.

Wale wachache wanaoshona bado, nao niwaambie ukweli. Siku hizi wanatoa maua mu simu, na tumerudi ku karatasi ya kaboni: waridi lile lile, wakati ardhi yetu ina ua ambalo wajiolojia walilifuata kwa miguu. Kwa Kifaransa linaitwa ua la shaba, kwa kitaalamu Haumaniastrum katangense, dogo, buluu inayoelekea urujuani, linaota pale ambapo shaba ni nyingi mpaka mimea mingine inakufa. Union Minière ililijua. Mu pindo zote nilizogeuza sikulikuta hata mara moja. Jakaranda nayo, ambayo inafunika barabara za Likasi kila mwaka, nimeikuta mara moja tu, na ilishonwa vibaya.

Nilimpelekea mama yule wa viti tawi moja la lile ua. Kwanza alicheka, akasema ni majani ya bule, mbuzi wanayapita. Kisha akalilaza juu ya kitambaa, akaligeuza, akafungua bati lake la biskuti ambamo anaweka nyuzi, akapima rangi moja baada ya nyingine karibu na ua. "Inaomba buluu mbili," alisema. "Mi niko na moja tu."